Utepe wa Transfoma ya Kaka Idi

Mpaka leo nikinusa nailoni inayoungua chini ya pasi, moyo wangu hufurahi, na watu hunishangaa. Harufu yenyewe ni mbaya, inakwaruza koo. Lakini mimi hunirudisha kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya Temeke, masika ya mwaka ule ambao sabuni na betri zilikuwa zimeadimika madukani. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mtu akitaka kusema lazima apaze sauti, mama yuko kwenye cherehani yake, na mimi nimesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, naunguza vipande vya tepu kimoja baada ya kingine. Nilikuwa darasa la sita na nilijiona najua kila kitu. Kusema kweli, mengi nilikuwa nayajua.

Aliyekuwa matatani ni kaka yangu Idi. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akajifunza kutengeneza redio kwa kushinda kwenye vibaraza vya mafundi. Ufundi alikuwa nao, kitambulisho cha kazi hakuwa nacho, na siku zile kijana aliyekutwa mjini bila kitambulisho alipakiwa kwenye lori akapelekwa kijijini kulima. Si kwamba tulidharau jembe. Babu zetu kule Lindi walilima maisha yao yote. Ila mama alikuwa mjane, na Idi ndiye aliyekuwa mwanamume pekee wa nyumba. Rajabu, rafiki yake wa nyumba ya pili, alitumwa nazi gengeni asirudi. Mama yake aliletewa kikapu tu. Tangu siku hiyo mama akawa hashoni vizuri. Kila gari lilipopita barabarani mguu wake ulisimama kwenye pedali.

Kazi moja tu ndiyo ilionekana kwa mbali. Bwana Seif, Mwarabu wa duka la redio karibu na soko, ambaye ukoo wake ulikuwa Temeke kabla yetu sote, alikuwa na redio zilizojaa vumbi kwa sababu hapakuwa na betri za kuziendesha. Alimwambia Idi mbele yangu: "Nisukie transfoma, redio itumie umeme wa ukutani. Ikishinda hapa dukani mchana kutwa bila kuungua na bila kumpiga mteja shoti, nakuandikisha kazi. Ikimpiga mtu, usinionyeshe tena uso wako." Mama aliposikia habari hiyo alienda kuswali, akarudi akasema tumalize haraka.

Transfoma si kitu cha ajabu. Ni nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, wa kwanza unapokea umeme mkali wa ukutani, wa pili unatoa umeme mpole wa redio. Kinachotenganisha ukali na upole ni tepu peke yake. Tepu ikishindwa, ule mkali unavuka, unapanda mpaka kwenye antena, unamsubiri mwenye mkono. Idi alishapata chuma na waya kutoka kwenye transfoma iliyokufa. Kwenye tepu ndipo tulipogombana. Yeye alikuwa na kipande cha tepu nyeusi, na alikuwa na tepu nyingine ya nailoni, ya kung'aa, aliyoletewa na binamu yetu baharia. Hiyo ya kung'aa aliipenda kama mchumba.

"Hii ya Ulaya, Mwana," aliniambia. "Ya Ulaya haina mjadala."

"Transfoma si umesema inapata moto? Basi tuipigie pasi tuone."

Nyumbani kwetu kitambaa hakikuchaguliwa kwa macho. Mteja akileta nguo, kwanza pembe yake inapita chini ya pasi. Ikijikunja, anarudishiwa nguo yake. Kwa hiyo nikatia mkaa, nikaanza. Tepu nyeusi ililegea, gundi ikachuruzika pembeni. Ile ya Ulaya ilisinyaa, ikanata kwenye pasi na kutoa moshi, mama akapiga kelele kwamba pasi yake imekwisha. Halafu nikachukua utepe mweupe wa pamba, ule mama aliokuwa akipitisha kwenye magagulo ya wateja, nikaukandamiza mpaka mkono ukachoka. Ukageuka rangi ya chai ya maziwa kidogo, basi. Idi aliutazama, kisha akaitupa tepu ya baharia uani. Nilitembea nyumba nzima kifua mbele.

Kosa lilikuja kwa sababu tulikuwa watu wa nyumba ya fundi cherehani. Kwetu pamba mpya haitumiki kabla ya kufuliwa, na kikifuliwa kitu kinachotakiwa kukaa wima, kinatiwa wanga. Tuliufua ule utepe, tukautia wanga wa muhogo, tukaupiga pasi ukawa mgumu kama kola ya mwalimu mkuu. Ulizunguka kwenye waya vizuri ajabu, bila mkunjo hata mmoja. Idi akaunganisha redio, ikaimba, mama akapiga vigelegele. Siku ya tatu ya mvua mfululizo Idi alishika antena ili aongeze sauti, akarushwa mpaka akaangusha kiti cha mama.

Hakuumia, lakini niliona uso wake. Alikaa sakafuni akiutazama mkono wake, akasema taratibu, "Basi tena, Mwana. Wacha nikalime." Mama alianza kulia. Mimi nilipandwa na hasira, si kwa umeme, kwa yeye kukata tamaa mapema namna ile. Nilichomoa waya ukutani, nikaubonyeza utepe kwa kidole. Ulikuwa umelainika, una unyevu, vilevile kama kola ya sare yangu siku ya mvua. Wanga ulikuwa unakunywa maji ya hewani!

"Utepe hauna kosa," nikawaambia. "Kosa ni uji tuliounywesha."

Tukafumua kila kitu. Nikaufua utepe mpaka maji yakatoka safi, ya kuonekana hadi chini ya beseni, nikauanika juu ya jiko. Idi akaenda kwa Baba Lukasi, jirani yetu Mmakonde aliyekuwa akichonga na kupaka vanishi viti vya kuuza, akapewa vanishi iliyobaki ndani ya kopo, ili maji ya hewani yasipenye kwenye utepe. Baba Lukasi akamwambia apake nyembamba, ikauke, apake tena, asiwe na pupa kama watoto wa mjini. Tukafanya hivyo, safari hii utepe unazungushwa ukiwa mkavu, unapakwa, unasubiriwa. Nyumba ilinuka vanishi hata wali ukawa na ladha yake. Mvua haikukatika, nasi tukafurahi isikatike, maana tulitaka kuijaribu transfoma katika ubaya wote.

Siku ya dukani sikwenda shule. Redio iliimba tangu asubuhi, watu wakajaa, na kila mmoja Bwana Seif alimwambia aguse antena. Jioni akaigusa mwenyewe kwa mgongo wa mkono, akaipapasa transfoma kuona moto wake, akauliza nani kafunga utepe. Idi akanionyesha kwa kidevu.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba. Ukimaliza shule na wewe uje."

Idi aliandikishwa kazi, na mimi nilipomaliza shule nilikwenda. Leo nina karakana yangu Mbagala, tunasuka mota za pampu na mashine za kusaga. Tepu zipo za kila rangi, zinauzwa mpaka kwenye meza za barabarani, na vijana wangu huzichagua kwa kusoma maandishi yaliyo kwenye boksi. Sina ugomvi nao. Kazi yao ni nzuri kuliko yetu, na hakuna anayelala na hofu ya lori. Ila wakikosea wananunua nyingine, na mimi nafurahi kwamba wanaweza kukosea kwa raha. Sisi tulikuwa na nafasi moja tu. Rajabu hakurudi Temeke, mama yake alizikwa bila kumwona. Kaka Idi ni mzee sasa, magoti yanamsumbua, analalamika kuhusu kila kitu, na kila Jumapili anakuja kwangu kula. Akichelewa kidogo, natoka kusimama barabarani mpaka nimwone.