Kura Zilizofika Zote

Nyumba yetu ya kusomea ilikuwa nyuma ya soko la Kadutu, chini ya kijia kinachogeuka matope mvua ikinyesha. Aliyeianzisha ni mwalimu wangu wa kwanza, aliyenifundisha kusoma nikiwa bado nakalia jiwe kwa kukosa benchi. Sote tulimwita Maman. Jumapili moja baada ya misa, wanachama tulikusanyika ndani yake kuamua: tuibakize nyumba, au tuwaachie wafanyabiashara waifanye depo ya bidhaa.

Siku zote tulipiga kura kwa kunyoosha mkono. Safari hii kamati iliazima vidude vidogo vya kubonyeza, kimoja kwa kila mtu, kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Watu waliviita telekomande. Mimi nilipewa kazi ya kuzuia mawimbi ya simu na ya wifi yasivuruge kura. Niliipokea kwa moyo wote, maana nilikuwa na hofu moja: kama kuna kura itakayopotea hewani, itakuwa ya kuiokoa nyumba.

Tulijaribu kwanza na swali la mchezo: nani anapenda bugali kuliko muchele? Kwenye skrini ukutani, ambapo kila kura ikifika taa yake huwaka, taa nyingi hazikuwaka. Watu wakainua telekomande juu ya vichwa, wakaziinamisha kuelekea dirishani, kama tunavyotafuta rezo ya simu huku mlimani.

“Papa, shusha mukono, utakamata rezo ya Rwanda!” mmoja akapiga kelele. Ukumbi ukacheka.

Nikazima kisanduku cha wifi. Nikamnyang'anya mwenyekiti mikro yake ya kusemea isiyo na waya. Nikaweka beseni mlangoni na kuomba simu zote zizimwe, ziwekwe humo.

“Na hii yangu ya tochi?”

“Hata ya tochi, papa.”

“Bibi yangu akiita akute imezimwa, leo nitalala wapi?”

“Kwenu kijijini, Walungu!” akajibiwa.

Mwisho nikapanda kwenye meza, nikafunga kipokezi, kile kidude kinachopokea kura, kwenye boriti ya paa, kwa sababu hata miili ya watu humeza mawimbi. Tukarudia swali la bugali. Taa zote zikawaka, makofi yakalipuka. Maman, aliyekaa mstari wa mbele, akanishika mkono.

“Mutoto yangu, sasa hata kura ya miye muzee itafika.”

Ndipo mwenyekiti akauliza swali lenyewe: tuibakize nyumba?

Nilikuwa bado nimesimama mezani, nawaona wote. Hakuna aliyeinua mkono. Huyu aliificha telekomande chini ya kitenge, yule aliibana katikati ya magoti, mwingine alimgeuzia jirani yake mgongo. Walikuwa walewale waliomkumbatia mlangoni wakimwambia, “Maman, tuko na wewe.” Anayetaka kumfurahisha Maman angejificha kwa nini? Nilijua kabla ya matokeo kutokea kwenye skrini.

Depo.

Kwa nje tulisikia wauza ndizi wakigombana. Maman hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi.

“Mwanangu, ile mashini haikupoteza kura?”

Ukumbi mzima ukanigeukia. Ningesema mawimbi yamevuruga, nani angebisha? Tungerudia kwa mikono, na mbele ya macho yake hakuna mkono ambao ungethubutu kumpinga. Nyumba ingebaki. Nilitazama taa, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimewaka zote, safi, kama nilivyozitaka.

“Hapana, Maman,” nikasema. “Zote zilifika.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu, vile alivyofanya zamani nikisoma sentensi ngumu bila kukosea. Watu wakaanza kusongamana kwenye beseni kutafuta simu zao, wakiinama sana, kila mmoja akikwepa kukutana naye macho.

Nikateremka kukusanya telekomande. Ya Maman ilikuwa ya mwisho. Alikuwa bado ameikamata kwa mikono miwili, na kidole gumba bado kinabonyeza kitufe cha kijani.