Mjane Aliyepika Siku ya Msiba

Nakumbuka alasiri moja pale Jomvu Kuu, mwanangu, tulivyojazana wanawake watupu ndani ya ghala la mbata, madirisha yamezibwa magunia, tukitazama sinema ya Fundi Salimu. Fundi alikuwa mshona kanzu. Kamera aliazima, mashine ya kuonyeshea aliazima, shuka tu ndiyo yake. Picha zake hazikuwa na sauti, na mwanamume haketi katikati ya wake za watu, basi alijificha nyuma ya shuka akizisemea kwa bomba la bati.

Mimi nilikuwa mwanamwali. Madarasa nilisoma mawili, lakini ulimi wangu ulikuwa umehitimu.

Wallahi, ile sinema ilitengenezwa! Jeneza lilipotoka, mjane akabaki ameshika kofia ya mumewe, nililia hadi kanga ikalowa. Mara, jioni ya siku ile ile, mjane huyo anakoka moto, anawapikia wageni pilau! Kwetu nyumba iliyofiwa haikoki moto siku tatu. Majirani ndio huleta chakula. Nikaropoka:

"Mjane gani huyu? Amefiwa ama anaoza binti?"

Ghala zima likaangua kicheko, kisikome. Nyuma ya shuka, bomba likanyamaza. Kisha shuka ikavutwa chini. Mwisho hatukuuona.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Asubuhi tukasikia Fundi ameapa: Ijumaa anarudisha kamera, hataigusa tena. Nyanya yangu aliyenilea akaniita.

"Zena!"

"Abee, nyanya."

"Jeneza lilipotoka, ulilia au hukulia?"

"Nililia."

"Mbona kejeli yako imesikiwa na ghala zima, na machozi hukumwambia mtu? Huo ni ushahidi wa uongo. Vaa buibui lako."

Akanipeleka mpaka mlangoni kwa Fundi. Nikapiga hodi mwenyewe.

"Shikamoo, Fundi. Aliyekukejeli ni mimi. Na aliyelilia ile kofia ni mimi pia."

Akanitazama. "Kofia ilikuliza?"

"Ilinitoa roho. Lakini mjane hapiki, Fundi. Nyinyi wanaume siku hiyo mwakaa barazani, mwaletewa sinia tu. Jikoni hamjui kuna nini."

Nyanya akakohoa kunikanya. Fundi akacheka, akaweka mkasi chini. "Basi njooni mnionyeshe."

Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Kamera haikurudi Ijumaa ile. Alipiga upya picha za msiba: wanawake wa mtaa mzima ndani ya mabuibui, sufuria kichwani, twaelekea nyumba ya msiba; na jiko la mjane baridi, paka amelala majivuni.

Mwaka wa uhuru ikaonyeshwa tena, ghala lile lile. Kimya, pua tu zikivutwa. Uso wangu nimeufunika kwenye picha, lakini mmoja akapaza sauti: "Yule Zena! Mwendo wa bata ule!" Ilipokwisha, vigelegele vilitaka kuezua mabati. Watu wa Mtongwe wakaiomba, wa Junda wakaiomba.

Mwisho wake siupendi hata leo. Mjane alimsamehe upesi mno yule shemeji aliyemdhulumu mirathi ya mumewe. Nilimwambia Fundi. Kizuri hakikosi ila.

Mwanangu, kazi ya mtu ikikugusa, taja kwanza ilipokugusa. Kombo lake mwambie mwenyewe, uso kwa uso, si gizani katikati ya wachekaji. Mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Mola akujaalie ulimi usiodhulumu macho yako, na kila utakachotengeneza kipate wa kukililia na wa kukuambia kweli. Amin.