Kaka Shija na Orodha Iliyokwama Mwanza

Jamani, jana tumemzika Kaka Shija, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie nimpe habari za msiba. Akili yangu imegoma kabisa.

Wengi hapa mlimjua uzeeni, fundi kompyuta wa Shinyanga mjini mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi nilimjua miaka ya tisini, tulipokuwa ofisi moja kwenye mradi wa kifua kikuu.

Intaneti hatukuwa nayo. Tulikuwa na kompyuta moja na modemu iliyolia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Unaandika barua, modemu inapiga simu Mwanza, Mwanza nao wanaisukuma Dar. Tuliringa nayo hiyo!

Mwezi wangu wa kwanza, niko probation, bado najaribiwa kazini, nikapewa kazi ya kutuma orodha ya wagonjwa wanaohitaji dawa. Bila orodha, ghala la Dar halitoi kitu.

Humo ndani lilikuwemo jina la mdogo wangu Maduhu, mchimbaji wa dhahabu huko Katoro. Alikuwa katikati ya dozi, kabakiza vidonge vya wiki mbili.

Nikaandika barua, nikaambatanisha faili. Pale juu, penye kichwa cha habari, nikaweka "Shikamoo Daktari". Nimelelewa Kishapu mimi, mkubwa humvamii na shida kabla ya salamu.

Siku tatu baadaye Dar wakajibu: barua tumeipata, orodha hatuioni.

Shija alipoangalia alicheka mpaka akavua miwani. "Dada, ukituma faili, hapo juu panaandikwa jina la faili tu! Mashine imezunguka humu inatafuta faili linaloitwa Shikamoo Daktari!"

"Kaka, Maduhu yumo kwenye hiyo orodha," nikamwambia. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Akatuma upya, jina sahihi. Barua ikafika tena peke yake. Kumbe Mwanza walikuwa wanapitisha barua tu. Faili likifika kwao linabaki pale pale, laini yao haiwezi mizigo. Akajaribu kupiga Dar moja kwa moja. Simu ikakatika. Akarudia, ikakatika.

Kwa nini tusiandike majina kwenye barua yenyewe? Yalikuwa mengi mno, kila moja na kipimo chake. Ukikosea tarakimu moja umemdhuru mtu.

Basi Shija akaacha chakula cha mchana, akakaa na mashine. Alikuwa na programu ya kuligeuza faili liwe herufi tupu, za ajabu ajabu, binadamu hasomi. Akazikata vipande vitano, kila kipande akakifanya barua yake. Mwanza wakaona barua, wakapitisha.

Dar wakaanza kuunganisha: kipande cha tatu hakipo. Oh my God! Akakituma tena, huku akiisemesha modemu kwa Kisukuma kama anaswaga ng'ombe.

Kesho yake jibu likaingia. "Orodha imekamilika. Dawa zinapanda treni." Nililia pale ofisini, wala sikuona aibu.

Bosi akaitisha kikao. Nani kachelewesha orodha? Kabla sijafungua mdomo, Shija akasema, "Mashine ninaishika mimi, bosi. Kosa ni langu." Akapewa barua ya onyo. Mimi nikanyamaza. Nilijua ningefukuzwa, nikawa mwoga, huo ndio ukweli.

Nikamfuata nje kumwomba radhi. "Achana na hayo, dada," akasema. "Dawa zikifika, hakikisha Maduhu anamaliza dozi."

Alimaliza, akapona. Na miaka yote hii sikumwambia Maduhu kilichotokea. Jana, kabla ya kwenda makaburini, nikamvuta pembeni nikamweleza yote.

Tukafika makaburini. Alikwenda akashika koleo, akaanza kufukia. Vijana wakaja kumpokea, akakataa. Wakaja wengine, akakataa. Mzee mzima, jasho linamtoka, hakuliachia koleo mpaka udongo ukaisha.

Kaka Shija, nimechelewa sana, lakini nasema mbele ya watu wote: lile kosa lilikuwa langu, na lile onyo pia. Wabeja sana, asante sana kwa kunibebea.

Lala salama, kaka yangu. La kwangu nimelichukua.