Kuku Mwenye Karoti

"Sahani tatu, Jairo. Dada yako amekula sahani tatu, ya mwisho ameifuta kwa ndizi mpaka ua la kwenye sahani limeonekana, halafu anasimama mlangoni kwangu, midomo bado ya njano, ananiambia deni liko palepale."

Tusekile aliyasema hayo katikati ya uwanja, mwiko mkononi, na hakuyasema kwa kunong'ona. Kijijini Kawetele migomba imesongamana lakini sauti inapenya, na majirani waliokuwa wakichuma chai upande wa pili wakanyoosha migongo kwa pamoja kama watu walioitwa majina. Jairo, mumewe, alifanya kile alichokuwa akikifanya tangu amwoe. Aliangalia juu kama mvua itanyesha. Rungwe hilo si swali la maana, maana mvua itanyesha tu, lakini humpa mwanaume mahali pa kuweka macho.

Esnath, dada mkubwa wa Jairo, hakuwa mtu wa kujibizana akiwa amesimama. Alirudi ndani ya uwanja, akavuta kigoda, akakaa, akakunja kitenge chake magotini taratibu kama hakimu.

"Mimi nilikukabidhi kuku, wifi," akasema. "Leo umenipa karoti. Karoti ninazo shambani."

Kuku mwenyewe alikuwa wa siku nyingi. Alitolewa miaka ile ya foleni, sabuni ikigawiwa kwa vipande na sukari ikiwa habari ya kusimuliwa. Esnath alimpa wifi yake tembe mweusi amfuge, kwa utaratibu ambao kila mwanamke wa huko anaujua: vifaranga tunagawana, mama yao anabaki kuwa wangu. Tembe akataga, akaatamia, na kabla hajaangua akaja kicheche akamchukua pamoja na matumaini yote. Kicheche hakuacha salamu, na deni likabaki kwa Tusekile.

Mtu asidhani Tusekile alikaa kimya. Mara ya kwanza alipeleka mtetea. Esnath akamwangalia yule kuku chini ya mbawa, akasema huyu bado mtoto, hajui hata yai ni nini, rudi naye. Mara ya pili akapeleka jogoo mkubwa, wa kutisha watoto. Esnath akasema yeye alitoa anayetaga, sasa analetewa anayewika, je, awe anaamka mapema akafanye nini? Tusekile alipojipanga kupeleka wa tatu, kideri kikapita kijijini kikafagia uwanja mzima, akabaki kuku mmoja mwekundu, mwenye wasiwasi, anayelala juu ya paa la jiko kama polisi.

Hapo katikati nchi ikabadilika. Ruksa ya biashara ikaja, maduka ya Tukuyu yakajaa, na Tusekile akawa mtu wa kuonja. Hakuna kilichoingia sokoni kikampita. Alikuwa wa kwanza Kawetele kupaka siagi ya kopo kwenye kiazi. Alinunua mafuta ya ngozi yenye harufu ya matunda, akaenda nayo kukamua, ng'ombe akamlamba mkono wote mpaka begani, na maziwa ya siku hiyo akayanywa ndama. Jairo akauliza mafuta hayo yalikuwa ya nani, ya mtu au ya ng'ombe. Tusekile akamjibu kwamba ng'ombe angalau ameyasifu.

Biashara ya maziwa ndiyo iliyomkutanisha na Mwanajuma. Mwanajuma aliuza viungo sokoni Tukuyu, mjukuu wa watu waliokuja kutoka pwani wakifuata biashara, na mama yake alikuwa amekaa ukuta kwa ukuta na Wahindi wa maduka ya zamani. Mapishi yalipita juu ya ukuta ule kama paka. Kila asubuhi Tusekile alimpelekea maziwa, na siku ya Idi Mwanajuma akamfungia bakuli la mchuzi. Tusekile alikusudia kulipeleka nyumbani. Alilionja kwenye kilima cha kwanza, akalionja kwenye daraja, na Jairo aliletewa bakuli safi na hadithi.

Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja kichwani, kuupika mchuzi ule, na jambo hilo likakutana na lingine zito zaidi. Lugano, binti yake mkubwa, alikuwa ameposwa na kijana wa Isongole. Wakwe walikuwa wanakuja. Na kwa watu wale, kabla ng'ombe hajatajwa, mshenga husimama akauliza kama nyumba ya binti ina deni lolote, ili asije mtu baadaye akashika kamba ya ng'ombe akidai ni wake. Anayejibu ni shangazi wa binti. Shangazi wa Lugano ni Esnath.

"Nitaulizwa," Esnath alikuwa amekwisha kusema, tena kanisani, baada ya ibada, watu wakiwa bado hawajatawanyika. "Na mimi wakwe siwadanganyi."

Tusekile aliona mbele yake maisha yote yaliyobaki. Wajukuu wangezaliwa Isongole wakiambiwa bibi yenu wa Kawetele ni yule aliyekula kuku wa wifi yake. Usingizi ukampungua. Ndipo Esnath mwenyewe, akijiona ana huruma, akatamka mbele ya Jairo kwamba kama kuku hai hataki kufika kwake, basi apikwe, yeye aje amle, yaishe.

Mtu mwenye akili angemchemsha yule mwekundu kama mama yake alivyomfundisha: maji, chumvi, funika, nenda kakate majani ya ng'ombe, rudi. Kuku wa mgeni kwao anakuja mezani akiwa anajulikana. Mapaja haya hapa, kidali hiki hapa, mgongo huu, na firigisi kwenye kisahani chake pembeni, ili mgeni ahakikishe kwa macho kwamba amechinjiwa kuku mzima na hakuna kilichobaki chunguni. Tusekile alilijua hilo vizuri. Lakini Tusekile alikuwa ameonja.

Akaenda kwa Mwanajuma akarudi na vifurushi vya karatasi: bizari ya manjano, bizari nyembamba, dania, hiliki. Mwanajuma alimwelekeza kila kitu huku akimpimia, na alipomtajia tui la nazi, Tusekile akauliza nazi itapanda lini mlima wa Kawetele. Wakakubaliana mtindi.

Jairo alichinja, kisha akaenda kuangalia mvua. Tusekile akamchuna kuku ngozi, maana Mwanajuma alisema mchuzi hautaki ngozi, na mbwa akaipokea. Hautaki kichwa wala miguu, na hivyo navyo mbwa akavipokea kwa adabu. Kisha akakata. Alikata vipande vidogo kama alivyoambiwa, na kisu kilikuwa kikali, na moyo wake ulikuwa mweupe, akimwaza Esnath atakavyofungua kinywa. Akakata maini. Akakata firigisi. Hakusita hata kidogo. Firigisi ikawa vijipande, vikaingia sufuriani pamoja na wenzao.

Vitunguu alivikaanga vikawa rangi ya chai iliyokolea. Akatia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, akatia nyanya, akazikandamiza na mwiko mpaka mafuta yakajitenga pembeni, akanyunyiza bizari, na harufu ikatoka jikoni ikavuka uwanja ikaingia kwenye chai ya watu. Akatia nyama. Akatia viazi na karoti, mwishoni njegere, na mtindi kidogo kidogo huku akikoroga bila kupumzika, kwa sababu mtindi ukitiwa kwa pupa hukatika. Sufuria ikawa inachemka polepole, ya njano kama jua la Juni, ambalo Tukuyu halionekani mara nyingi. Ndizi zilikuwa tayari chunguni pembeni.

Esnath alikuja amevaa vizuri. Aliponawa, akapewa bakuli, akachukua upawa akaanza kuvua. Aliuzungusha huku na huku, akainua kiazi, akakirudisha, akainua karoti, akaitazama.

Akauliza firigisi iko wapi.

Tusekile akasema imo.

Akauliza imo wapi.

"Imo humo humo, wifi. Imejichanganya."

Hapo ndipo Tusekile alipoelewa alichokifanya. Lakini Esnath alikuwa na njaa na kilima alikipanda kwa miguu, akaonja, kwa mdomo wa mbele tu, kama mtu anayeonja dawa. Akaonja tena. Baada ya hapo hakuinua kichwa mpaka sahani ya tatu. Mchuzi ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, maana ilimbidi adai huku ameshiba.

Hukumu yake aliitoa pale kwenye kigoda. Yeye hakuona kuku. Aliona vipande. Vipande vya nani, havikujitambulisha. Kuku mzima angekuwa na ngozi, kichwa, miguu na firigisi, na vyote hivyo havikuhudhuria. Kwa hiyo nusu ya kuku imebaki mahali, na nafasi yake vimewekwa viazi.

"Na siku hizi ruksa," akaongeza. "Nasikia Mbeya hata kuku anauzwa kipande kipande, kama sigara."

Tusekile akamgeukia mumewe awe shahidi. Jairo akakohoa, akasema yeye alichinja, lakini vipande hakuhesabu.

Kwa jibu hilo Jairo alikula viazi vya kuchemsha wiki nzima.

Esnath akaondoka na deni lake. Tusekile alibaki bila kuku mwekundu, bila usingizi, na sufuria ambayo haikutakata njano hata kwa majivu. Mwanajuma alipopata habari alicheka mpaka akamwaga pilipili, kisha akamwuliza kwa upole kwani alimwambia firigisi aikate? Kwao pia huwekwa nzima. Tusekile akasema angemwambia mapema.

Siku ya wakwe, Esnath alifika na majogoo wawili kwapani, zawadi ya shangazi, kwa sababu Isongole walikuwa wametuma neno kwamba watakuja wazee wachache tu. Aliwakabidhi kwa Tusekile bila kumwangalia usoni, akasema hawa wapikwe kikristo. Kisha akaenda kukaa ndani na kutafuna maneno atakayosema.

Wazee wachache walikuja na pikapu. Nyuma ya wazee walikuwa wajomba, nyuma ya wajomba akina mama wa jumuiya, na juu ya magunia ya viazi waliyoleta walikaa vijana ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Waliendelea kushuka. Jairo aliyekuwa akiwapokea aliacha kutazama angani, akatazama pikapu, akatazama jiko.

Ilikuwa alasiri, na buchani nyama ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Maharage yalikuwepo, lakini nani anawapa wakwe maharage siku ya kwanza? Majogoo wawili wakiwekwa mezani kwa mtindo wa kwao, paja hili hapa na kidali hiki hapa, wangewatosha wazee wawili wa mbele na mshenga, basi. Waliobaki wangerudi Isongole wakiimba njaa.

Esnath akaingia jikoni. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo halifanywi kwenye jiko lenye moshi.

"Wifi," akasema, na neno lilitoka laini mpaka mwenyewe likamshangaza. "Ule mchuzi wako. Ule wa njano. Unaweza ukafika mpaka kwa wale wa kwenye pikapu?"

Tusekile alikuwa ananyonyoa. Hakuinua kichwa.

"Mchuzi gani, wifi? Ule wa karoti?"

"Usinitese, mama. Watu wamekaa."

"Ila itabidi nikate vidogo. Utasema nimeficha nusu."

"Kata hata wawe ugoro," Esnath akasema, akavua shuka lake la juu, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi vya wakwe wenyewe.

Hapo ndipo Tusekile alipokuwa na nafasi. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi: futa deni kwanza, ndipo nikate kuku. Nani angemlaumu? Lakini vitunguu vilikuwa tayari vimegusa mafuta, na vitunguu havisubiri mashauri, na wifi yake alikuwa anamenya kwa kasi ya mtu mwenye hofu, maganda ya viazi na karoti yakiruka. Tusekile akamsogezea kinu, akamwambia atwange tangawizi. Wakapika wawili, wakigombana kidogo juu ya chumvi. Esnath alitaka kuujua mtindi unaingia lini, akaonyeshwa, akakoroga mwenyewe, vidole vyake vikawa vya njano mpaka kwenye viungo.

Mchuzi ukiwa umeanza kuitikia, wakamwita Esnath ndani. Mazungumzo yalikuwa yamefika.

Tusekile akaegemea ukuta wa jiko, pale kwenye ufa, mwiko mkononi. Alimsikia mshenga, mzee Ezron, akishukuru kwa makaribisho, akisifu harufu, kisha akauliza kama ilivyo kawaida: kabla hatujazungumza mengine, hii nyumba ina deni kwa mtu yeyote?

Kigoda kililia. Esnath alikuwa anakaa sawasawa, maana hakuwa mtu wa kujibu akiwa amesimama.

"Nyumba ya ndugu yangu haidaiwi na mtu," akasema. "Palikuwa na kuku wangu mmoja. Nilikuja hapa nikamla mwenyewe, akaisha."

Mzee Ezron akasema ndaga, yaani asante, akafungua habari ya ng'ombe.