Beseni la Mabuu Mbele ya Mlango

Tonton alimwaga wadudu wangu kwenye mtaro, kisha akalisugua beseni kwa sabuni kana kwamba lilikuwa na ukoma. Nilisimama uani nikimtazama. Sikulia. Nilimwambia tu, "Tonton, kesho nitaleta wengine."

Alikuwa mdogo wake baba. Wazazi wangu wanalima Opala, na mimi nilikaa kwake mjini, mtaa wa Simi-Simi, ili nisome biolojia chuoni. Alikuwa muuza vitenge, mtu wa msikiti, mpole. Kugombana hakukuwa kazi yake. Lakini wiki ile jirani yetu, mama wa kikundi cha maombi, alipita nyumba kwa nyumba akisema mimi ninafuga funza na kuongea nao. Huku kwetu neno kama hilo halichezewi. Nimeona watoto wakiitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani kwa madogo kuliko hayo.

Kuongea nao niliongea, ni kweli. Nilikuwa nikiwasifu.

Walikuwa mabuu ya mdudu ambaye akikua huruka kama nondo mdogo, lakini utoto wake wote hukaa chini ya maji. Niliwaokota katika kijito cha Masako, msituni, mwalimu wetu alipotupeleka kutazama samaki. Samaki walinichosha. Nikageuza jiwe, nikaona mirija midogo ya mchanga, myembamba kama njiti za kiberiti. Mmoja ukatembea. Ndani yake mlikuwa na buu, na mchanga ule alikuwa ameuunga mwenyewe, punje kwa punje, kwa uzi unaomtoka chini ya mdomo.

Ndani ya maji! Jaribu kubandika kiraka kwenye tairi la baiskeli mvua ikinyesha, au plasta juu ya kidonda chenye jasho. Vitaachia tu. Uzi wa buu hutoka laini, nyuzi mbili zimelala pamoja kama utepe. Badala ya kulegea, protini zake hushikana na madini ya kalsiamu yaliyomo majini, uzi ukakazika, na bado ukanata. Hata ukivutwa haukatiki upesi. Nilisoma hayo kwenye simu na nikajua kazi yangu ya mwisho wa masomo itahusu nini. Mwalimu alinishauri nichukue samaki, kwa sababu samaki analiwa. Nikamjibu kwamba nimeshachagua.

Basi kesho yake nilipanda pikipiki hadi Masako, nikarudi na bidoni ya maji ya kijito na mabuu wapya. Safari hii sikuwaficha nyuma ya jiko. Beseni nililiweka juu ya stuli mbele ya mlango, kando ya barabara, mchana kweupe, nikakaa hapo nikichota maji kwa kikombe na kuyarudisha ili yapate hewa.

Tonton alirudi kula, akasimama ghafla.

"Mutoto, unatafuta nini? Unataka watu wachome hii nyumba?"

"Mulozi anaficha vitu vyake, tonton. Mimi sifichi."

"Uko na kichwa nguvu!"

"Niliirithi, tonton."

Mkewe, tantine wangu, alicheka kule ndani. Tonton hakulimwaga beseni.

Watu wakajaa. Jirani naye akaja, Biblia kifuani. Nilimsukuma buu mmoja taratibu kwa nyuma, kwa kijiti cha jani, akatoka kwenye mrija wake akiwa uchi, mweupe, anajikunja. Nikamnyunyizia punje za tofali jekundu nililosaga.

"Mama, angalia mwenyewe," nikamwambia jirani. "Sitasema naye hata neno moja."

Mwanzoni buu hakufanya lolote. Jua likawa kali, wengine wakaanza kuondoka, na mimi nikaogopa kwamba atanifia mbele yao. Hilo lingenimaliza. Kisha akainua punje kwa miguu ya mbele, akaigeuza, akaitupa. Akachukua nyingine. Kichwa kikaenda huku na huku, punje ikashika. Kufikia alasiri alikuwa amejifunga mshipi mwekundu kiunoni. Nilimshika kwa kibano, nikamtikisa majini. Hakuna punje iliyoanguka.

"Eh! Iko nashona!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

"Hata shetani anajua kushona," jirani akasema, akaenda zake. Mpaka leo sijambadilisha. Tukikutana hanisalimii, mimi namsalimia kwa sauti kubwa.

Tonton alivaa miwani akainama juu ya maji kwa muda mrefu. "Sasa nini inashikisha hii?"

"Mate yake, tonton."

"Subhanallah," akasema polepole. Halafu akajikaza. "Bon. Beseni ibaki. Lakini itoke kwa njia."

"Itatoka Jumapili jioni," nikasema. "Wanaotoka kanisani nao waione."

Na waliliona.

Siku ya kutetea kazi yangu chuoni, mmoja wa walimu waliokaa mezani aliniuliza, "Donc, mademoiselle, hii inasaidia nini?" Nilijua jibu alilolitaka: kwamba wako watafiti wanaouchunguza uzi huu ili wapate gundi ya vidonda vilivyolowa. Nikamjibu, "Kwanza inamsaidia buu kuishi. Habari ya vidonda iko mwishoni, nitaifikia." Mmoja alicheka. Aliyeuliza hakucheka.

Walinipa alama za kupita, si zaidi. Baba alikuwa amekuja kwa mashua kutoka Opala, akakaa nyuma kabisa na viatu vya kuazima. Tulipotoka nje aliniuliza kama nitaendelea na hao wadudu.

"Nitaendelea, papa."

"Bon," akasema, akiinama kulegeza kamba za viatu. "Basi twende tukale."