Jiwe la Mizani

Shangazi yangu aliajiri watu kwa miaka thelathini na moja, na kwa muda huo wote hakuwahi kuiamini barua ya maombi iliyoandikwa vizuri kupita kiasi. "Huyu kasaidiwa," alikuwa akisema, na barua inakwenda chini ya rundo. Ofisini walimwita Mama Faili. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kikipakana na ghala, na ndani yake mlikuwa na makabati mawili ya chuma, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na kiti cha wageni chenye mguu mmoja mfupi. Kiti hicho alikataa kisitengenezwe. Alitaka kuona mwombaji atafanya nini kikimyumbisha. Wako waliojifanya hawaoni, wako waliolalamika, na wako wachache walioinama wakatazama kasoro iko wapi. Hao wa mwisho ndio aliowapenda.

Kampuni ilikuwa ya kuuza dawa kwa jumla, na mimi nilikuwa napokea simu za wateja. Kabla hujauliza: ndiyo, ni yeye aliyeniingiza. Lakini kwenye kiti kile nilikaa kama wengine, tena nilijifanya sioni, na hadi leo sijui kwa nini alinichukua. Undugu tu, nadhani, na hilo nalo hakuwahi kulikubali.

Mtu aliyekiinamia kiti kile kuliko wote alikuwa Mzee Kimya. Wakati huo hakuwa mzee, alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyekuja kuomba kazi ya kuandika programu za kompyuta. Shangazi alimuuliza swali la kwanza: angefanya nini ili dawa iliyopitwa na muda isitoke ghalani hata kwa bahati mbaya? Mwombaji akanyamaza. Akanyamaza mpaka shangazi akadhani amesinzia macho wazi. Mwisho akasema, "Kabla sijajibu, dada, naomba nikae kwanza na mtu wa ghalani." Alikaa naye siku mbili nzima, juu ya kreti, bila mshahara wala ahadi, akitazama. Siku ya tatu akarudi na jibu la kurasa tisa, limeandikwa kwa penseli.

Mfumo alioujenga baada ya hapo ulitufaa miaka kumi na minane. Sisi tuliozoea kusikia kampuni nyingine zikirudishiwa dawa, tulijiona watu wa maana. Nikikumbuka siku zile naona raha, naona na uchungu kidogo. Asubuhi ungemkuta kwenye meza yake, penseli sikioni, na ukimuuliza jambo unaweza kwenda kunywa chai ukarudi kabla hajajibu. Jibu lenyewe likija, lilikuwa limekamilika. Wakati ule hakuna aliyekuwa akimwekea mtu saa.

Umri ulipofika, alistaafu. Wakaja vijana, wakaondoka, wakaja wengine. Kila mmoja alisema aliyemtangulia kaharibu. Mwaka wa nne mfumo ukaanza kigugumizi: mteja anaagiza mara moja, ghala linapokea mara mbili. Bosi mdogo, mtoto wa mwenye kampuni, mtu mzuri lakini mwenye haraka ya kuzaliwa nayo, akaamua atafutwe mhandisi mwandamizi wa programu kwenye yale masoko ya mtandaoni ambako wataalamu wa kujitegemea hukodishwa kwa mkataba. Alikuwa amechagua masoko matatu. Akampa shangazi wiki tatu ayachunguze na kumwambia lipi linafaa. Shangazi alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na korido nzima ilijua kwamba soko likipatikana, chumba chake hakitapata mrithi.

Basi akakaa mbele ya kompyuta na rula mkononi, akiiweka kwenye kioo chini ya kila mstari aliousoma. Masoko hayo aliyapa majina. La kwanza aliliita Mnada, kwa sababu unatangaza kazi na watu mia mbili wanakurukia kabla hujaondoa kidole. La pili akaliita Getini, kwa kuwa kila anayetaka kuingia anafanya mtihani wa kompyuta wa dakika arobaini. La tatu likawa Dalali: hapo kuna mtu anayezungumza na wataalamu, kisha anakuletea mmoja, na bei yake inakufanya uvue miwani uisafishe.

Yote matatu yalijisifu vilevile. "Kila moja linasema linachukua watu bora watatu tu katika kila mia," aliniambia. "Sasa hawa tisini na saba wanaokataliwa wako wapi? Mbona mimi sijawahi kukutana na hata mmoja anayekiri?"

Wiki ya kwanza ikaisha hajaandika kitu. Asubuhi moja akapita ghalani, na pale akamkuta mtunza ghala akifanya alichofanya kila siku kabla ya kazi: anafungua kisanduku cha mbao, anatoa kitambaani jiwe la mizani la kilo moja, analiweka juu ya mizani, anatazama, analirudisha. Tulikuwa tumemwona akifanya hivyo maelfu ya mara. Mizani ambayo haijapimwa kwa jiwe hakuitumia, hata wateja wawe wamepanga foleni. Shangazi alirudi chumbani kwake karibu anakimbia.

"Tutayapima hayo masoko," akasema. "Tutaweka kitu ambacho uzito wake tunaujua."

Jiwe zima lingekuwa Mzee Kimya, mhandisi bora kuliko wote aliopata kuwaajiri. Soko likimkataa, basi kipimo chake ni kibovu. Ilihitajika pia jiwe lililomeguka, mtu asiyejua chochote kuhusu programu, ili kuona kama soko litamgundua. Hapo akanitazama mimi. Sikukasirika. Nilikuwa nimeshasahau neno la siri la barua pepe yangu mara mbili wiki ile.

Kosa likafanyika kwenye simu, mimi nikiwa nimesimama hapohapo. Shangazi alimsalimia Mzee Kimya, akamuuliza hali, akampa pole tena kwa msiba wa mkewe aliyefariki mwaka uliotangulia. Kisha akamwambia, "Kaka, nina ombi. Jiandikishe kwenye masoko haya matatu ufanye wanavyotaka. Nitakueleza baadaye." Aliogopa kwamba akijua ni jaribio tu atalifanya kwa kulegea, na kipimo kitaharibika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewaficha watu siri ya kile kiti. Hii aliiona ni siri ya aina hiyohiyo.

Jumamosi nikatumwa nikamsaidie kujiandikisha. Nilimwamkia, akaitikia baada ya kitambo chake cha kawaida. Sebule ilikuwa imefagiwa hadi chini ya makochi. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola, na miwani mipya. Na dirishani, juani, kulikuwa na ule mkoba wake wa ngozi wa kazini, umefutwa vumbi, umepakwa mafuta, umeachwa wazi ili utoke harufu ya kukaa kabatini.

"Nimesikia mfumo una shida ya oda kurudiwa," akasema. "Nadhani najua ilipo."

Nilielewa papo hapo anachofikiri. Ningeweza kumwambia. Ulimi ulikuwa wangu, na shangazi hakuwepo. Nikasema tu, "Tuanze na hili la kwanza, mzee," na hilo ni jambo ambalo sijajisamehe sawasawa.

Mnada ulimkubali kwa dakika tano, kisha ukamweka ukurasa wa sitini na moja, kwa kuwa hakuwa na nyota hata moja kutoka kwa wateja. Nami ulinikubali, nikawekwa ukurasa wa sitini na mbili. Kule Getini nilijibu maswali arobaini kwa kutafuta kwenye simu na kubahatisha mengine, nikapata sabini na mbili katika mia, na cheti chenye mhuri wa dhahabu kinachosema mimi ni Mhandisi Mwandamizi Aliyethibitishwa. Nilikichapisha. Mama yangu alikibandika ukutani na hadi leo anakataa kukitoa.

Mzee Kimya, dakika arobaini zilipokwisha, alikuwa amejibu maswali mawili. Kompyuta ikamwandikia kwamba anaweza kujaribu tena baada ya mwaka mmoja. Akaisoma sentensi hiyo, akavua miwani mipya, akaikunja.

Dalali ndiye aliyejitahidi. Mwanamke mwenye sauti ya upole alimpigia simu, na Mzee Kimya aliponyamaza, yule mwanamke naye akasubiri. Walizungumza saa nzima; mimi alinigundua kwa dakika tatu. Lakini baadaye ukaja ujumbe kwamba kwa sasa hakuna mteja anayehitaji mtu aliyekaa nje ya kazi miaka minne.

Shangazi alifurahi. Lazima niseme kweli, alifurahi sana. Kipimo kilikuwa kimetoa jibu safi kuliko alivyotarajia, na alijaza kurasa sita siku hiyo, rula mkononi. Ijumaa iliyofuata tukaenda wote wawili nyumbani kwa Mzee Kimya kumshukuru, na shangazi alikuwa amebeba ripoti ili amwonyeshe.

Tulimkuta mezani. Mbele yake kulikuwa na saa ya jikoni, ile ya kuzungusha mpaka ilie, na karatasi nyingi zilizojaa penseli. Alikuwa akijifunza kujibu haraka. Mwanamume wa miaka sitini na minne, aliyetulindia dawa za watu miaka kumi na minane, alikuwa akijizoeza kufikiri kabla saa ya jikoni haijalia. Mkoba ulikuwa umetoka dirishani, umefungwa, umewekwa kando ya mlango.

Alitukaribisha, akatupa viti. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatangulia kusema.

"Naanza lini, dada?"

Shangazi aliwahi kuwakatalia mamia ya watu. Barua zake za kukataa aliziandika kwa mkono, moja moja, ili mtu ajue amesomwa. Nilidhani atatafuta maneno. Hakutafuta.

"Huanzi, kaka. Hakuna kazi. Nilikuwa nayapima yale masoko, na nilikuweka wewe kama lile jiwe la ghalani. Sikukwambia."

Mzee Kimya akanyamaza. Kulikuwa na saa ya ukutani juu ya kabati la vyombo, na niliitazama kwa sababu sikuweza kuwatazama wao. Dakika ya tatu nilitaka kusema kitu chochote, shangazi akanibana goti chini ya meza. Alimsubiri kama alivyomsubiri siku ile ya kwanza. Zilipita dakika kumi na moja.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningefanya vilevile."

Halafu akachambua zile karatasi, akatoa moja. Ilikuwa na swali la tatu la mtihani wa Getini, lile lililomkwamisha, amelinakili kwa penseli, na chini yake mahesabu yamejaa pande zote mbili. Alituonyesha kwamba swali lenyewe lilikuwa na kosa. Majibu yote manne hayakuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimeweka alama kwenye B nikasonga mbele, na wakanipa pointi.

"Nilidhani wameliweka makusudi," akamwambia shangazi. "Kama kile kiti chako."

Shangazi alifunika uso kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akilia kazini, wala msibani, isipokuwa msiba wa baba yake. Alilia pale bila kujificha, na Mzee Kimya akainuka akaenda kumletea maji, maana hakujua afanye nini kingine.

Alipotulia, shangazi akamwomba Mzee Kimya awe ndiye atakayewahoji wahandisi watakaoletwa. Akakataa. Alisema kwa upole kwamba akipewa kazi siku hiyo itakuwa ni kupozwa, na yeye hakuwa mgonjwa.

Ripoti iliandikwa upya. Ilimshauri bosi mdogo achukue mtu kupitia kwa Dalali, kwa sharti moja: kabla ya kugusa mfumo, mhandisi akae ghalani siku mbili. Swali la tatu liliambatishwa ukurasa wa kwanza, pamoja na cheti changu. Bosi mdogo alicheka cheti, akasoma swali, akaacha kucheka. Aliyekuja alikuwa mwanamke mwenye mvi chache, na asubuhi ya kwanza alimuuliza mtunza ghala kwa nini analiweka lile jiwe kila siku. Hapo sote tulijua tumepata mtu. Kasoro ya oda aliikuta palepale Mzee Kimya alipokuwa amedhani.

Shangazi alistaafu mwezi uliofuata. Chumba chake sasa kina mashine ya kuchapisha na maboksi ya karatasi, na kile kiti kilitupwa na mtu aliyedhani kimevunjika. Nikipita pale bado nasikia ile feni kichwani, ingawa nayo haipo.

Mkoba wa ngozi ulirudi kabatini. Wale wawili wanapigiana simu kila Jumatatu, na mimi nikiwa kwa shangazi huwa nasikia. Mwanamke huyu, ambaye angeweza kukunyima chai kwa kusahau kumsalimia, akimpigia Mzee Kimya, salamu huiweka pembeni kwanza.

"Kaka, nimekupigia kukujulia hali tu," humwambia. "Sina jambo lingine lolote."

Kisha anashika simu sikioni, ananyamaza, anasubiri aitikie.