Nilimtafsiria Mama Nusu ya Maneno ya Daktari

Nificheni jina, maana ndugu zangu wote wanafuata ukurasa huu. Nina miaka 34, nafundisha shule ya msingi hapa Bujumbura na naishi na mama yangu mtaa wa Kanyosha. Mama hajui Kifaransa. Tangu niko mdogo mimi ndiye mkalimani wake, kuanzia benki hadi hospitali.

Miezi mitatu iliyopita tuliambiwa kansa yake ya titi imeshafika kwenye ini na mifupa. Daktari akanieleza kwa Kifaransa, taratibu: kuna dawa kali ya kutundikiwa mshipani kila wiki tatu, inaweza kupunguza uvimbe zaidi lakini inatesa. Kuna na vidonge vya kumezea nyumbani, vyepesi kidogo. Zote zinampa muda tu, hakuna ya kumponya. Mama achague mwenyewe.

"Anasema nini, mutoto wangu?" mama akauliza, amenishika mkono.

Jamani, nilishindwa. Nikamwambia, "Ya mushipa ni ya nguvu, mama, itakuponesha. Vidonge ni vya kupoza tu."

"Basi wanitilie ya nguvu."

Sasa ametundikiwa mara tatu. Vidole vimekufa ganzi, kifungo hawezi kufunga, kinywa kimejaa vidonda. Uji anautazama tu. Juzi daktari alinituma nimuulize kama bado anataka kuendelea, kwani vidonge bado vipo. Nikamwambia mama eti daktari anakusalimia. Nimekuwa mwongo mzoefu.

Nilimfungulia moyo kaka yangu, akafoka: "We ukimuambia, utamuua mbele ya kansa. Nyamaza!" Kwake ni rahisi, si yeye anayemwaga beseni la matapishi. Na mama keshaweka nadhiri ya kusomesha maulidi akipona, majirani wote wanajua.

Jana nilikuwa namsugua miguu, akalia kwa maumivu. Kisha akasema: "Mi nitavumilia. Kama haingekuwa ya kuponesha, ningekubali mateso kama haya? Apana. Mungu akulipe, mutoto wangu, ni we ulinifahamisha."

Nikakimbilia jikoni nikajifanya naangalia mkaa.

Alhamisi tunarudi kwa dawa ya nne. Ninyi mliouguza wazazi, nishaurini, nifanye nini? Nimwambie ukweli achague upya, au nimwache aendelee kuteseka huku akiniombea dua?